Anthropolojia au sosholojia: ulinganisho kwa anayetaka kumsoma binadamu

Kama unapenda kuwaelewa watu na sasa unatakiwa kujaza fomu ya chuo, utakutana na majina mawili yaliyokaa jirani mno: anthropolojia na sosholojia. Vitabu vya utangulizi husema la kwanza ni elimu ya binadamu na la pili ni elimu ya jamii. Ni kweli, lakini maelezo hayo hayamsaidii mtu kuchagua. Binadamu asiye na jamii hajaonekana bado, na jamii isiyo na binadamu ni neno tupu.

Mimi nazitofautisha kwa jinsi zinavyofanya kazi. Unakaa na nani? Unakaa naye muda gani? Ni ushahidi wa namna gani unaokutosha mpaka useme, "Hapa nimeelewa"? Mtu akijijua katika hilo, nusu ya uchaguzi imekwisha. Nitaanza na kazi mbili mashuhuri, moja ya kila upande. Zote mbili zinahusu vifo.

Durkheim na takwimu, Lindenbaum na nasaba

Mwaka 1897, Émile Durkheim wa Ufaransa, mmoja wa waliopigania sosholojia itambuliwe chuoni kama somo linalojitegemea, alichapisha utafiti wake kuhusu watu kujiua. Kama kuna jambo ambalo kila mtu angelihesabu kuwa siri ya moyo wa mtu mmoja, ni hilo. Durkheim hakwenda kuketi na familia za marehemu. Alichukua kumbukumbu za serikali za nchi za Ulaya, akazipanga kwa dini, ndoa, jinsia na umri. Mpwa wake, Marcel Mauss, alimsaidia kuchambua kumbukumbu za watu wapatao 26,000, mmoja mmoja.

Kilichojitokeza kilikuwa cha ajabu. Watu wanaojiua mwaka huu si wale wa mwaka jana, lakini kiwango cha kila nchi kilikaribia kubaki pale pale mwaka hadi mwaka. Waprotestanti walijiua zaidi kuliko Wakatoliki, na wanaume wasio na wake zaidi kuliko waliooa. Durkheim akahitimisha kwamba nyuma ya huzuni ya kila mmoja kuna nguvu pana zaidi: jinsi jamii inavyomshika mtu, au inavyomwachia. Mtu mmoja mmoja huwezi kuiona nguvu hiyo hata umhoji mwaka mzima. Inaonekana ukiwatazama watu kwa maelfu.

Sasa njoo upande wa pili. Miaka ya 1950, katika nyanda za juu za Papua New Guinea, watu wa jamii ya Wafore walikuwa wakifa kwa ugonjwa walioita kuru, yaani kutetemeka. Mgonjwa alianza kwa kuyumba akitembea. Kisha mwili ukamtetemeka, akashindwa kusimama, akashindwa kumeza, akafa, mara nyingi kabla mwaka haujaisha. Wengi waliokufa walikuwa wanawake na watoto. Kwa kuwa ugonjwa ulifuata koo, baadhi ya watafiti waliamini ni wa kurithi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wanaanthropolojia wawili, Shirley Lindenbaum na Robert Glasse, walikwenda kuishi huko. Kazi yao, ukiitazama kwa mbali, ilikuwa ya kuchosha: kuketi na watu na kuandika nasaba. Nani kamzaa nani, nani kaolewa wapi, nani alikufa, alikufa lini, kwa ugonjwa gani. Wazee waliwakumbuka wagonjwa wa kwanza kabisa katika vijiji vyao. Hapo ndipo dhana ya urithi ilipoanza kuyumba, kwa sababu ugonjwa haukuwa wa kale. Uliingia ndani ya kumbukumbu ya watu walio hai, na ugonjwa wa kurithi unaoua kwa kiasi hicho hauenei kwa kasi namna hiyo.

Wafore walikuwa na desturi ya kuwala ndugu zao waliofariki, kama sehemu ya maombolezo. Lindenbaum na Glasse waliuliza kwa utulivu, bila kukunja uso, nani hasa alikula na alikula sehemu ipi. Wanawake na watoto ndio waliokula zaidi, ubongo ukiwemo. Wanaume wengi walijiepusha. Orodha ya waliokula ikashabihiana na orodha ya waliokufa. Maabara nayo ilithibitisha kwa njia yake: sokwe waliodungwa tishu za ubongo wa wagonjwa waliugua vivyo hivyo, na Carleton Gajdusek, daktari Mmarekani aliyeongoza majaribio hayo, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Majibu ya daktari na majibu ya waliokaa kibarazani na wazee yalikutana.

Ziweke kazi hizo mbili bega kwa bega. Durkheim alikuwa na watu wengi na alijua machache kuhusu kila mmoja. Lindenbaum na Glasse walikuwa na watu wachache na walijua mengi kuhusu kila mmoja, mpaka mlo. Nguvu ya kila upande ndiyo udhaifu wake. Durkheim alikuja kukosolewa kwamba takwimu zake ziliandikwa na maofisa, na penye aibu kubwa ya kujiua, kifo huandikwa kwa jina jingine. Mtu anayeijua familia angeligundua hilo. Kwa upande wao, Lindenbaum na Glasse wasingeweza kutoka kwa Wafore na kutangaza kanuni ya vifo ya nchi nzima.

Kukaa mpaka upewe jembe

Kinachoitambulisha anthropolojia ya jamii na utamaduni ni utafiti wa uwandani wa muda mrefu. Mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida hukaa mwaka mmoja au zaidi mahali alipopachagua, anajifunza lugha, anaishi na watu, anafanya wanayofanya, na usiku anaandika. Waswahili tuna maneno yanayoifaa kazi hii kuliko kitabu chochote cha mbinu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku mbili za kwanza mgeni huambiwa yanayompendeza. Akishashika jembe ndipo anapoanza kusikia nani hasemi na nani, shamba lipi lina kesi, na kwa nini sherehe iliahirishwa.

Bronisław Malinowski ndiye anayetajwa sana kwa kuufanya ukaaji huo kuwa kanuni ya fani. Kati ya 1915 na 1918 aliishi kwa vipindi viwili katika visiwa vya Trobriand, katika bahari ya Pasifiki, na mwaka 1922 akachapisha kitabu kuhusu mzunguko uitwao kula. Watu walisafiri kwa mitumbwi, kisiwa hadi kisiwa, wakibadilishana vitu viwili: mikufu ya kome iliyozunguka kwa kufuata mwelekeo wa mishale ya saa, na bangili za kome zilizozunguka kinyume chake. Bangili hizo huitwa mwali. Ni sadfa tu ya sauti, haina undugu na mwali wetu. Hakuna aliyekaa na kitu hicho daima. Heshima ilikuwa katika kukipata, kukishika kwa muda na kukipitisha. Kila mshiriki aliwajua wabia wake na taratibu zake, lakini hakuna aliyekuwa na picha ya mzunguko mzima kichwani. Ungewapa hojaji yenye swali "Je, unafanya biashara na kisiwa gani?" ungepata majibu sahihi na usiambulie kitu.

Lakini asikudanganye mtu kwamba kukaa muda mrefu ni kinga ya kukosea. Margaret Mead alichapisha mwaka 1928 kitabu kuhusu wasichana wa Samoa, kikapendwa mno. Mwaka 1983 Derek Freeman akatoka na kitabu cha kudai kwamba Mead alipotoka vibaya. Wengine waliochunguza baadaye wakaona na Freeman mwenyewe alivuka mpaka. Ugomvi huo unaonyesha jambo ambalo mwombaji anapaswa kulijua kabla hajasaini: katika anthropolojia chombo cha kupimia ni wewe. Umri wako, jinsia yako, lugha unayoijua nusu nusu, mtu aliyekupokea siku ya kwanza, vyote vinaingia kwenye matokeo. Katika sosholojia ya takwimu mwenzako anaweza kuichukua data yako na kuihesabu upya. Daftari lako la uwandani hawezi kuliishi upya. Kama hilo linakukosesha usingizi, ni dalili nzuri ya wapi pa kwenda.

Niseme pia kwamba mpaka huu una milango mingi. Mauss yule yule aliyepanga kadi za mjomba wake aliandika mwaka 1925 insha kuhusu zawadi ambayo leo ni kama msahafu kwa wanaanthropolojia. Wanasosholojia wa Chicago waliingia vichochoroni na kukaa na watu karne nzima iliyopita. Na Franz Boas, baba wa anthropolojia ya Marekani, alipima vichwa vya wahamiaji na watoto wao karibu 18,000, akaonyesha kwamba umbo la kichwa lililodhaniwa kuwa alama isiyobadilika ya "asili" lilitofautiana kati ya wazazi na watoto waliozaliwa nchi mpya. Hesabu ilikuwa silaha yake dhidi ya ubaguzi.

Ukubwa wa uwanja

Hapa ndipo mzani unapoinama waziwazi. Sosholojia, iliyopewa jina hilo na Auguste Comte katika miaka ya 1830, ilizaliwa ikihangaikia mambo ya zama zake: viwanda, miji, matabaka, dini kupungua nguvu. Bado moyo wake upo kwenye jamii za kisasa na taasisi zake: shule, ajira, familia, uhalifu, umaskini, uhamaji. Anthropolojia, ambayo jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mtu, imejitwika binadamu mzima, popote alipo na tangu alipoanza kuwa binadamu. Ni dai kubwa mno, na limegawanywa matawi manne ili libebeke.

Tawi la kibiolojia ndilo linalowashangaza wengi wanaojiandikisha bila kusoma mtaala. Huko Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, timu ya Mary Leakey ilifukua katika miaka ya 1970 nyayo zilizoachwa kwenye majivu ya volkano miaka takriban milioni 3.6 iliyopita. Zitazame picha zake kwa makini. Kisigino kimezama kwanza, kidole gumba kimelala sambamba na vingine, hakikutanuka kando kama cha sokwe. Aliyepita pale alitembea wima kama sisi, na ubongo wake haukuzidi sana wa sokwe. Kwa hiyo miguu ilitangulia, akili kubwa ikafuata baadaye. Mwanafunzi wa tawi hili anajifunza mifupa, jeni, na tabia za wanyama walio ndugu zetu, na baadhi yao huishia kwenye uchunguzi wa jinai. Clyde Snow, mtaalamu wa mifupa kutoka Marekani, alikwenda Argentina mwaka 1984 akawafundisha vijana kufukua makaburi ya watu waliotoweshwa na utawala wa kijeshi, wakisoma kwenye nyonga na fuvu umri, jinsia na njia ya risasi, ili mama apate kujua mwanawe yuko wapi. Sosholojia haina kitu cha kukaa karibu na hapo.

Tawi la lugha nalo lina utamu wake. Wazungumzaji wa Guugu Yimithirr, lugha ya kaskazini mashariki mwa Australia, hawaelekezi kwa kushoto na kulia. Husema kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, hata wakizungumzia kitu kilicho hatua moja kutoka walipo. Maana yake ni kwamba kila dakika, ndani ya nyumba au gizani, wanajua kaskazini ni wapi. Akiolojia, tawi la tatu, wengi wanaijua: husoma watu kwa vitu walivyoacha.

La nne, lile la jamii na utamaduni, ndilo wengi humaanisha wanapotaja anthropolojia. Undugu ni mfano mzuri wa linachofanya. Lewis Henry Morgan, mwanasheria wa Marekani, alishangaa kukuta kwamba Wairoquois, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, humwita kaka wa baba "baba", na mwaka 1871 akachapisha ulinganisho mkubwa wa majina ya undugu kutoka pande nyingi za dunia. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa naye. Kwake kuna baba mkubwa na baba mdogo, na mjomba ni habari nyingine kabisa. Lakini kwa aliyekulia katika lugha yenye neno moja kwa wote watatu, ilikuwa kama kufunguliwa dirisha: undugu wa damu ni mmoja, jinsi ya kuuhesabu ni nyingi, na kila hesabu inakuja na haki zake, urithi wake na ndoa zake za mwiko.

Angalizo la kivitendo. Matawi haya manne hukaa chini ya paa moja zaidi Marekani. Uingereza na nchi nyingi zilizofuata mfumo wake, anthropolojia mara nyingi ni ile ya jamii tu, na akiolojia ina idara yake. Ukiota mifupa ukaingia kwenye programu ya namna hiyo, utasoma ndoa na matambiko miaka mitatu.

Doa la zamani

Lipo jambo linalowafanya wengi, hasa katika nchi zilizotawaliwa, waikimbilie sosholojia. Anthropolojia ilikua pamoja na ukoloni. Edward Tylor, aliyetoa mwaka 1871 maana ya utamaduni ambayo bado inanukuliwa, alizipanga jamii za dunia kama ngazi, yake ikiwa juu. Watawala walitumia tafiti kuwajua waliowatawala. Lawama hiyo ni ya haki na haifai kufunikwa.

Hata hivyo, ukweli una upande wa pili. Jomo Kenyatta alisoma chini ya Malinowski mjini London na mwaka 1938 akachapisha kitabu kuhusu Wagikuyu, akiwa ndiye anayeandika badala ya kuandikwa. Boas aliwashutumu hadharani mwaka 1919 wanaanthropolojia waliofanya ujasusi kwa kisingizio cha utafiti, na chama chake mwenyewe kikamkemea yeye. Sosholojia haikuwa safi pia. Herbert Spencer, mwanasosholojia wa Uingereza, aliweza kuueleza umaskini kama uchujaji wa wasiofaa. Mimi sioni sababu ya kuchagua kati ya masomo haya kwa kipimo cha lipi lina babu mwema. Pima wanafundisha nini leo kuhusu babu huyo.

Majirani wengine wawili

Saikolojia itakuvuta kama swali lako ni nini kinaendelea ndani ya kichwa, na kama unapenda majaribio yenye masharti yanayodhibitiwa. Tatizo lake kubwa limesemwa na wanasaikolojia wenyewe: uchambuzi wa 2008 ulionyesha kwamba asilimia 96 ya walioshiriki katika tafiti za majarida makubwa ya somo hilo ya Marekani walitoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Historia ni ya anayeridhika na nyaraka na waliokwisha kufa. Ukipenda kumwuliza mtu na akakujibu, utaumia nyaraka zikinyamaza.

Kazi baada ya chuo

Mwenye sosholojia anayejua takwimu vizuri ana njia iliyonyooka zaidi: sensa, tathmini ya miradi, sera za elimu na afya, tafiti za maoni. Waajiri wanalijua jina la ujuzi wake. Mwanaanthropolojia mara nyingi hulazimika kueleza yeye ni nani, na kazi yake huonekana pale mambo yanapokwama bila sababu inayoonekana. Lucy Suchman, katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, aliwarekodi watu wakihangaika na mashine ya kunakili iliyosifiwa kuwa rahisi kutumia. Mashine ilidhani mtu anafuata mpango hatua kwa hatua. Watu walikuwa wakibahatisha, wakiulizana, wakirudi nyuma. Kitabu chake cha 1987 kinasomwa hadi leo na wabunifu wa programu za kompyuta.

Mfano mzito zaidi ni Ebola ya Afrika Magharibi ya 2014 hadi 2016, iliyoambukiza watu zaidi ya 28,000 na kuua zaidi ya 11,000. Maiti ziliambukiza, hivyo timu zenye mavazi ya kinga zilizichukua kwenye mifuko na kuzika haraka. Familia zikaanza kuficha wagonjwa na kuzika usiku. Wanaanthropolojia walisaidia kueleza kwamba kumzika mtu bila dua na bila ndugu kuona kaburi, kwa familia, kulikuwa msiba juu ya msiba. Utaratibu ukabadilishwa kuwa mazishi salama na yenye heshima, ndugu na viongozi wa dini wakishirikishwa kwa umbali usio na hatari. Wanaepidemiolojia, yaani wataalamu wa kueneа kwa magonjwa, walijua wangapi wanaambukizwa makaburini. Kilichokosekana ni kujua kwa nini watu wanakubali kuhatarisha maisha kwa ajili ya kaburi.

Jipime kabla hujajaza fomu

Fanya mambo mawili wiki hii. Siku ya kwanza nenda mahali watu wanaposubiri huduma, keti saa mbili, usiulize chochote, kisha uandike ulichoona: nani kampisha nani, nani alinyanyua sauti, foleni ilivunjwa na nani na kwa neno gani. Siku ya pili tunga maswali kumi, waulize watu thelathini, kisha yapange majibu kwenye jedwali na utafute kama vijana wanatofautiana na wazee. Angalia ni siku ipi muda ulikwenda bila wewe kuhisi. Aliyechoka siku ya kwanza na kuchangamka alipoona jedwali linaanza kusema, aende sosholojia bila wasiwasi. Aliyeudhika siku ya pili kwa sababu mtu wa saba alianza kusimulia jambo zito lisilo na kisanduku cha kulijaza, na yeye akatamani kuiacha hojaji amsikilize, huyo anthropolojia inamfaa.

Kama unazipenda zote, vipo vyuo vyenye idara moja inayofundisha masomo haya pamoja. Omba mtaala na uangalie mambo mawili: takwimu zinafundishwa kwa mihula mingapi, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikaa uwandani wiki ngapi.